Jinsi Ngano ya Majira ya Baridi Ilivyoanza Kutazamwa Kutoka Angani



Tunapoadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, yafaa tuitazame pia historia ya wakulima wenzetu wa mbali, kwani ina fundisho kwa kila auzaye mazao.

Katika Urusi, Ukraina na nyanda za kati za Marekani, ngano nyingi hupandwa kabla ya baridi. Huchipua, kisha hulala chini ya theluji hadi joto lirejeapo. Theluji hiyo ndiyo blanketi lake. Ikikosekana na baridi ikawa kali, mimea hufa, na zamani aliye mbali hakupata habari upesi.

Ndivyo ilivyotokea katika Usovieti mwaka 1972. Theluji ilikuwa haba, baridi ikaunguza ngano, na kiangazi kikaja na ukame. Wanunuzi wa Usovieti, wakiujua upungufu wao, walikwenda Marekani kimya kimya wakanunua zaidi ya tani milioni 10 za ngano. Wakulima wengi wa huko waliovuna mapema walikuwa wamekwisha kuuza kwa bei ya chini. Habari ilipoenea, bei ilipanda, na kabla mwaka 1973 haujaisha ilizidi mara mbili. Mnunuzi alijua, mkulima hakujua.

Tarehe 23 Julai ya mwaka huohuo wa 1972, Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Mwaka 1974 lilianza jaribio lililoitwa LACIE. Picha zilionyesha ukubwa wa mashamba, kwa kuwa ngano iliyolala hurudi kuwa kijani mapema kuliko mazao yapandwayo baada ya baridi. Vipimo vya mvua na joto kutoka vituo vya hali ya hewa vilisaidia kukisia mavuno ya kila hekta. Kwa mwaka 1977, wataalamu walikadiria ngano ya Usovieti kuwa tani milioni 91.4. Serikali yake ilipotangaza hesabu, ilikuwa tani milioni 92.0.

Mwaka 2011 nchi za G20 zilianzisha mpango wa GEOGLAM, na tangu 2013 taarifa yake ya mazao ya dunia hutolewa wazi, aisome apendaye. Siri ya 1972 imekuwa habari ya watu wote.

Hata hivyo, jicho la angani lina mipaka yake. Mawingu hulizuia, na vishamba vidogo vyenye mahindi na maharage pamoja hulitatiza. Hapo hakuna badala ya mkulima mwenyewe. Kila chama cha msingi kikipima mvua yake na kuleta taarifa ya kweli ya mazao kabla ya mavuno, Chama Kikuu kitakaa na mnunuzi kikijua kilicho ghalani na kilichobaki shambani. Tusikubali mnunuzi ayajue mashamba yetu kuliko sisi wenyewe.