Vumbi, Moshi na Ushahidi Wake

Kila asubuhi katika vilima vya Makebuko, mkoani Gitega, moshi wa kuni hupenya mapaa ya majiko. Kiangazi kifikapo, vumbi jekundu la barabarani huungana nao. Vyote viwili ni chembe ndogo zilizo hewani, na vyote huingia vifuani mwa watu. Lakini asili yake si moja, wala dawa yake si moja. Ndiyo maana historia ya kupima hewa ni historia ya kumtafuta mkosaji halisi.

Hapo awali wapimaji walitosheka na uzito wa chembe na weusi wa masizi. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano, na watu wapatao 4,000 wakafa kwa hesabu ya kwanza. Huko mkosaji alijulikana, na sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Lakini mahali penye vumbi, kuni na magari kwa pamoja, uzito peke yake haumtaji mwenye kosa.

Hivyo wataalamu waligeukia kemia. Pampu huvuta hewa kupitia kichujio. Kichujio hupimwa uzito, kisha humulikwa kwa eksirei, na kila elementi hujibu kwa mionzi yake ya pekee, mfano wa alama za vidole. Silikoni, alumini na chuma hushuhudia udongo. Potasiamu pamoja na masizi hushuhudia kuni. Madini ya risasi yalishuhudia petroli, hadi Afrika kusini ya Sahara ilipoacha petroli yenye madini hayo mwanzoni mwa 2006.

Mjini Nairobi kazi hiyo ilifanywa kuanzia Mei 2008 hadi Aprili 2010. Ilidhihirika kwamba vumbi la udongo na magari vilichangia asilimia 74 ya chembe laini. Julai 2009, wapimaji wengine walikuta, wakati wa mchana, mikrogramu 98.1 katika mita moja ya ujazo kando ya barabara katikati ya jiji, ilhali shambani zilikuwa 10.7. Polisi asimamaye njia panda kutwa nzima na aizingatie tofauti hiyo.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ilikutwa ndani ya nyumba. Huko Maragua, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulipima nyumba 36 za vijijini na kukuta wastani wa mikrogramu 1,400 hivi za chembe ziwezazo kufika mapafuni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chembe laini zisizidi 15 kwa siku nzima.

Wala moshi hauheshimu mpaka. Juu ya mlima Mugogo, nchini Rwanda, vipimo vilivyoanza mwaka 2015 vilionyesha masizi yakizidi nyakati za kiangazi, yakiletwa na upepo kutoka mioto ya mbali.

Kamanda asiyemjua adui hupoteza silaha zake bure. Kumwagia barabara maji hakumponyi mtoto alalaye karibu na mafiga. Wala dohani ya jikoni haizuii moshi wa lori. Hapana budi kupima kwanza, ndipo kutenda. Na pale ambapo chombo cha kupimia hakijafika, iwe kambini au nyumbani kwa askari, moshi wa jiko na upewe njia ya kutokea, kwa maana ushahidi dhidi yake umekwisha kutolewa.