Superkapasita: Historia ya Jina na ya Chombo

Mfasiri akutanapo na neno "superkapasita" hushawishika kuandika "kapasita kuu" au "kapasita kubwa". Yote mawili yanapotosha, kwani kuu ni cheo, na chombo chenyewe pengine hakizidi sarafu. Yafaa basi tutazame jina hili lilikotoka.

Mwaka 1745 von Kleist, na baada yake Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, waliweza kuhifadhi umeme katika chupa ya kioo. Mwaka 1782 Volta akakiita chombo cha namna hiyo kwa neno lenye maana ya kusonganisha kitu kikawa kizito, na ndilo lililozaa "kondensa" ya mafundi wetu wa magari. Umeme hauwi mzito, lakini jina lilidumu.

Mwaka 1853 Helmholtz alieleza kwamba metali ikigusana na majimaji yapitishayo umeme, chaji hujipanga pande mbili za mpaka, nazo huachana kwa umbali mdogo mno. Zaidi ya miaka mia ilipita kabla ya jambo hilo kupata kazi. Mwaka 1957 H. I. Becker wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipewa hataza ya kapasita yenye mkaa wa vinyweleo, naye alikiri humo kuwa hajui hasa kinachotendeka ndani yake. (Fundi alimtangulia mwanazuoni, kama ilivyo ada.) Hataza ya Rightmire wa Standard Oil ya Ohio ilifuata mwaka 1966, na ni kampuni ya NEC ya Japani iliyokiuza chombo hicho mwaka 1978 kwa jina la "Supercapacitor". Kumbe tunachokitafsiri ni jina la biashara!

Utengenezaji wake si mgeni kwa mtu wa pwani. Mkaa, mara nyingi wa vifuu vya nazi, huchomwa kwa mvuke hata gramu moja ikawa na eneo la ndani lipitalo mita za mraba 1,000. Husagwa, hupakwa juu ya utando wa alumini, hutenganishwa kwa karatasi, hukunjwa, kisha hutiwa elektroliti. Kila kimoja huvumilia volti 2.7 hivi.

Hiki si betri. Hupokea na kutoa umeme kwa sekunde chache, mara laki kadhaa, lakini kilo moja yake hubeba saa-wati 5 hivi, ilhali betri ya lithi hupita 100. Karani akiandika "betri" katika zabuni ya taa za zahanati, taa zitazimika mapema usiku.

Tunapendekeza "kapasita ya tabaka pacha", kwa kuwa yaeleza kitendo cha Helmholtz. Wapo watakaosema kuwa "tabaka" lanuka siasa. Nasi twajibu kuwa wanajiolojia walikwisha kulizoea. "Superkapasita" ibaki kwa wauzaji.