Magurudumu ya Nyuma ya Ford Model T

Gari likiwa limesimama, magurudumu yake manne huonekana kama ndugu wa tumbo moja. Katika gari la Ford Model T sivyo yalivyo: ya nyuma ndiyo yaliyolisukuma gari, na ndiyo pekee yaliyolizuia, kwa maana magurudumu ya mbele hayakuwa na breki hata kidogo.

Gari hilo lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1908, na lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1927 yalikuwa yamekwisha tolewa milioni 15. Mengi yangalipo, na wenyewe huyaendesha kwa fahari. Lakini ole wake atafutaye gurudumu la nyuma kwa kupima kwa macho tu!

Katika miaka ya kwanza matairi ya mbele yalikuwa ya inchi 30 kwa 3, na ya nyuma, kwa sababu ya uzito, inchi 30 kwa 3½. Asikiaye 30 mara mbili hudhani rimu ni moja. La, hicho ni kimo cha tairi zima. Toa unene wa tairi juu na chini, nawe utaona ya kuwa rimu ya mbele ni inchi 24, na ya nyuma 23. Hivyo msafiri alihitaji akiba ya namna mbili, na tairi likitoboka, alilibandua papo hapo njiani, kwani rimu haikufunguka. Taabu hiyo ilipungua mwaka 1919, zilipoletwa rimu za kufunguliwa, zote za inchi 23.

Tena kuna breki. Chuma cha mviringo kinachokamatwa na breki ya mkono hufungwa kwa bolti pamoja na njiti za mti za gurudumu. Hadi 1925 upana wake ulikuwa inchi 8. Magari ya 1926 yakapewa inchi 11. Kwa hiyo gurudumu la gari la mwisho halikubali breki za gari la kwanza.

Hatari kubwa zaidi imejificha kitovuni. Mwisho wa ekseli umechongwa ukapungua unene, na kitovu hukazwa juu yake kwa nati, kikishikwa na kabari ndogo ya chuma. Kitovu kilicholika hucheza, na kabari hukatika. Breki ya mguu iko katika giaboksi, na nguvu yake hupitia ekseli. Kabari ikikatika upande mmoja, gia za katikati huacha upande ule uzunguke bure, na magurudumu yote mawili hayazuiliki tena. Dereva aliye mtelemkoni hubakiwa na breki ya mkono tu.

Ndiyo maana fundi mwangalifu husafisha ekseli, hutia kabari mpya, hukaza nati kwa nguvu zake zote, huendesha gari mwendo mfupi, kisha hurudi akaikaza tena.