Meno Yataka Utelezi, Pete Yataka Msuguano: Historia ya Mafuta ya Giaboksi

Giaboksi ni kisanduku cha magurudumu ya chuma yenye meno kinachopokea nguvu ya injini kupitia klachi na kuipeleka kwenye matairi kwa kasi anayoichagua dereva. Historia ya mafuta yake mara nyingi husimuliwa kama safari ya kutoka mafuta hafifu kwenda mafuta bora, ilhali mitambo yenyewe inatoa ushahidi tofauti: tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ndani ya kisanduku hicho wamekaa wapangaji wawili wasiopatana, yaani meno ya gia yanayodai utelezi na pete za kusawazisha mwendo zinazodai msuguano, na kila mafuta yaliyobuniwa baada ya hapo yamekuwa mapatano baina yao.

Hapo mwanzo ugomvi huo haukuwapo. Katika mfumo ambao Émile Levassor aliuingiza kwenye magari ya Panhard et Levassor nchini Ufaransa mwaka 1891, gia zilisukumwa zikateleza juu ya shafti hadi meno yakakutana, na kwa kuwa hapakuwa na kifaa cha kulinganisha kasi zake, dereva mwenyewe ndiye aliyelinganisha kwa sikio na kwa mguu, akikanyaga klachi mara mbili na kukanyaga mafuta kidogo katikati, la sivyo meno yaligongana na kusagika. Mafuta yalikuwa na kazi moja tu, kung'ang'ania chuma, hivyo giaboksi zilijazwa grisi au mafuta mazito yaliyokusudiwa silinda za injini za mvuke, ambayo katika majira ya baridi ya Ulaya yaliganda hata gia ikasogea kwa shida. Katika mashindano yalipendwa pia mafuta ya mbegu za mbarika, mmea ambao wengine huuita mnyonyo, kwa sababu hushikamana na chuma hata kwenye joto kali, ingawa huchacha upesi na kuacha utando unaonata.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1928, wakati magari ya Cadillac ya Marekani yalipoanza kuuzwa yakiwa na sinkromeshi, mfumo uliobuniwa na Earl Thompson. Kiini chake ni pete ya shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki; upande wake wa ndani umechongwa kwa mwinamo kama faneli na kukatwa mifereji myembamba. Dereva anapovuta gia, pete hiyo hubanwa juu ya koni ya chuma iliyo ubavuni mwa gia, mifereji hukata na kuyafukuza mafuta yaliyotanda katikati, na kwa sehemu ndogo ya sekunde shaba hukisugua chuma mpaka vyote viwili vizunguke kwa kasi moja, ndipo meno huingiana bila kelele. Yafaa kulitazama tendo hilo kwa makini, kwa maana hapo ndipo mafuta yalipopewa amri mbili zinazopingana: yasiondoke kamwe kati ya meno, lakini yaondoke mara moja chini ya pete. Mafuta mazito mno hukawia kuondoka na gia hugoma, hasa asubuhi, na mafuta yenye viungio vingi vya utelezi huifanya pete iteleze juu ya koni bila kuishika, na gia ikakwaruza kana kwamba sinkromeshi haipo.

Katika miaka hiyohiyo mahali pengine pa gari, kwenye difu inayogawa nguvu kwa magurudumu, palizuka dai lililosukuma mafuta upande wa pili. Ili shafti ndefu ipite chini zaidi na sakafu ya gari ishuke, kampuni ya Gleason ya Rochester, jimbo la New York, ilibuni gia za haipoidi, ambamo pinioni, yaani gia ndogo inayosukuma, hukaa chini ya mhimili wa gia kubwa ya difu, na Packard ikawa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia. Meno ya aina hiyo hayabingiriki tu bali pia huburuzana chini ya shinikizo linaloweza kuyakamua mafuta yote, na chuma kikigusana na chuma kikavu katika hali hiyo hushikana kama kilichochomelewa. Wanakemia walijibu kwa viungio vya shinikizo kali: kwanza sabuni za risasi, kisha salfa, klorini na fosforasi, ambavyo kwenye joto la mgusano huungana na chuma na kufanya utando mwembamba unaokatika badala ya meno yenyewe. Kwa miongo kadhaa salfa hiyo ilibebwa pia na mafuta ya nyangumi mwenye kichwa kikubwa, mpaka Marekani ilipomweka mnyama huyo katika orodha ya wanaolindwa mwaka 1970, na viwanda vikalazimika kutafuta vibadala.

Kutokana na kazi hiyo ya difu zilizaliwa namba ambazo hadi leo huwapotosha wengi. Taasisi ya Petroli ya Marekani ilipanga mafuta ya gia katika madaraja yanayoanza na herufi GL, ambapo GL-4 ina kiasi cha wastani cha viungio vya shinikizo na GL-5, iliyokusudiwa haipoidi zenye mzigo mzito, kwa kawaida ina karibu mara mbili yake. Msomaji wa lebo hudhani kwamba tano imeipita nne kwa ubora, na hilo ni kosa lililogharimu giaboksi nyingi, kwa kuwa namba hizo zinataja kazi, hazitaji cheo. Salfa iliyo tayari kuungana na chuma iko tayari vilevile kuungana na shaba, na maabara hulipima hilo kwa njia rahisi: ukanda wa shaba uliosuguliwa ukang'aa hutumbukizwa katika mafuta ya moto kwa saa 3, kisha rangi yake hulinganishwa na kipimo kinachoanzia rangi ya chungwa hafifu, kikapitia zambarau na kijivu, hadi weusi wa mkaa. Ni haki kuongeza kwamba mafuta mengi ya GL-5 ya siku hizi yana viungio vinavyoituliza salfa hiyo, ila utulivu huo haulirejeshi shiko ambalo pete inalihitaji.

Afrika Mashariki iliuona ugomvi wa shaba na salfa kwa sura nyingine. Peugeot 404, gari lililompa Bert Shankland wa Tanzania ushindi wa Safari Rally mwaka 1966 na 1967, halikuwa na haipoidi nyuma bali gia ya parafujo, ambamo uzi wa chuma hulizungusha gurudumu la shaba nyeusi kwa kuburuzana muda wote, na difu ya namna hiyo huhitaji mafuta yake maalumu. Fundi aliyezoea kumimina namba 90 katika kila difu alipaswa kujizuia mbele ya gari hilo.

Namba 90 yenyewe inahitaji maelezo. Mnato, yaani uzito wa mafuta katika kutiririka, hupimwa kwa vipimo viwili tofauti kwa injini na kwa gia, hivyo mafuta ya gia ya namba 90 yana mnato unaokaribiana na ule wa mafuta ya injini ya namba 40 au 50. Ndiyo sababu Honda iliweza kwa miaka mingi kuagiza mafuta ya injini katika giaboksi zake za mkono bila kuyahatarisha meno. Giaboksi ya Borg-Warner T-5 iliyofungwa katika Ford Mustang za miaka ya 1980 ilikwenda mbali zaidi: baadhi ya pete zake zilivishwa kitambaa cha msuguano, ikajazwa mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki, na mwenye kuyamwaga akaweka namba 90 nzito kwa nia ya kuilinda huifanya igome.

Mgongano wote huu umefungiwa ndani ya kasha moja katika Subaru Impreza, gari linalopendwa sana na vijana wa Nairobi. Difu ya mbele, ambayo ni haipoidi, huchangia mafuta na giaboksi, hivyo kiwanda kiliagiza GL-5 ya 75W-90 na kuzitaka pete zivumilie, na wenye magari yaliyoongezewa nguvu wamekuwa wakichanganya mafuta ya namna mbili au tatu wakitafuta gia inayoingia vizuri bila kuinyima difu kinga yake. Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari ya mwaka 1997 haikuwa na mashaka hayo, kwa kuwa giaboksi za mashindano ya kiwango hicho huingiza gia kwa meno makubwa ya mraba yanayogongana moja kwa moja, hazina pete, na mafuta yake hurudia kazi ileile moja yaliyokuwa nayo katika kisanduku cha Levassor.