"Seem": kusema bila kujifunga

Mhasibu wa London anayemwandikia mteja aliyechelewa kulipa mara nyingi hasemi wazi kwamba deni bado lipo. Huandika kuwa malipo "hayaonekani kuwa yamefika", ingawa akaunti anaitazama na haina kitu. Kitenzi cha Kiingereza "seem" (kuonekana) na wenzake "appear" na "look" hapo havihusu macho hata kidogo. Ni mlango wa kutokea, endapo itabainika kuwa benki ndiyo iliyochelewesha.

"Seem" kilitoka katika lugha ya Waviking, ambako mzizi wake ulihusu kufaa na kustahili. "Appear" ni cha Kilatini kilichopitia Kifaransa, na wanasayansi wanakipenda mno: dawa haitibu, bali "inaelekea" kutibu. Mwaka 1972 mwanaisimu George Lakoff aliandika makala maarufu kuhusu maneno yanayolegeza kauli, akiyaita "hedges", yaani nyua.

Kioja kiko kwenye "I can't seem to find my keys". Ukiifuata neno kwa neno, mtu hawezi kuonekana akipata funguo zake! Maana yenyewe ni kwamba amezitafuta wee, hazioni. Ukanushi umeruka ukakaa pasipo pake, na hakuna Mwingereza anayejali.

Kuna pia "it would seem" (ingeonekana), tahadhari juu ya tahadhari. Wakili akiitamka mahakamani kwa upole, huenda ndipo anapokuwa na uhakika zaidi kwamba shahidi anadanganya.