Nani Alitukutanisha?

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: ni nini kimeyawezesha makabila zaidi ya 120 ya Tanzania kuishi pamoja? Jibu huja kabla sijamaliza kuuliza: Kiswahili na Mwalimu Nyerere. Si jibu baya. Lakini linaruka hatua moja. Ili watu wazungumze lugha moja sharti kwanza wakutane, na kukutana kwetu hakukuwa kwa hiari kama tunavyopenda kusimulia.

Chukua mkonge. Wajerumani waliuleta mwaka 1893, na baadaye, chini ya Waingereza, mashamba ya Tanga yakavuta vibarua kutoka Songea, Unyamwezi na Kigoma, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Ujira ulikuwa duni, na kambini mara nyingi walipangwa kikabila. Hata hivyo kisimani, gulioni na ngomani walichanganyika, na wengine walioa hukohuko wasirudi tena kwao.

Baada ya uhuru Serikali ililifanya jambo hilo kwa makusudi. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga utumishi wa lazima, na mamia wakafukuzwa. Miaka mitatu baadaye shule za misheni zilitwaliwa, na vijana wa dini na makabila mbalimbali wakalala bweni moja. Hapakuwa na aliyeulizwa kama anapenda.

Mimi ni zao la mwisho-mwisho la utaratibu huo. Nilizaliwa Bukoba, na kidato cha tano nikapangiwa Songea, safari ya siku kadhaa. Nilikwenda nikiamini kwamba chakula ni ndizi na ugali ni adhabu. Kuhusu Wamatengo nilijua mzaha mmoja tu, nao ulikuwa wa uongo. Likizo fupi ilipofika nauli ya kurudi kwetu haikuwepo. Mwenzangu wa kitanda cha juu akanichukua kwao Mbinga. Baba yake, aliyeniita mwanangu tangu jioni ya kwanza, alinipeleka mlimani kunionyesha ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua kubeba udongo. Nililima naye siku nne. Nilirudi shuleni na malengelenge, na ule mzaha sikuusimulia tena.

JKT kwa wahitimu ilisitishwa mwaka 1994, ikarejeshwa 2013. Kuanzia mwaka 2004 shule za kata zilienea nchini. Sizibezi hata kidogo: ziliwapa elimu mabinti ambao vinginevyo wangebaki nyumbani. Ila baadhi ya wanafunzi wangu huniambia kwamba chuoni ndipo walipolala kwa mara ya kwanza chumba kimoja na mtu wa kabila jingine, wakiwa na miaka ishirini na zaidi. Nani sasa anayewakutanisha? Sijaona waraka wowote unaouliza hivyo.

Muhula uliopita kijana mmoja aliniomba nimhamishe kikundi cha semina kwa sababu wenzake "wote ni wa kule". Nilikataa. Akauliza, kwa adabu, ni kanuni gani inayomlazimisha kukaa nao. Nilitafuta jibu, nikamwambia hakuna, lakini abaki palepale.