Umbo la Shimo Lililofichika Ndani ya Atomu

Kiini cha atomu ya bati kina protoni 50, na hakuna elementi inayoishinda bati kwa wingi wa isotopu zisizooza: inazo 10. Antimoni, jirani yake mwenye protoni 51, anazo 2 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Chicago, mwanafizikia Maria Goeppert Mayer alizitazama tofauti za namna hii akaona si bahati tu. Kila kiini kilipokuwa na protoni au nyutroni 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126, kilikuwa kigumu kuvunjika. Mwanafizikia Eugene Wigner alizipa jina la nambari za mazingaombwe.

Mayer alikuwa na shahada ya uzamivu ya Göttingen tangu 1930. Mumewe, Joseph, alikuwa profesa hapo Chicago, na kanuni za kutoajiri ndugu zikamfanya mke afundishe chuo kikuu bila mshahara. Maabara ya Argonne ndiyo iliyomlipa, tena kwa kazi ya nusu muda. Inauma kulisoma hilo hadi leo.

Swali lake, kwa nini nambari hizo, lilihusu nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu ya mahali kilipo, kama nazi iliyo juu ya mnazi. Ndani ya kiini, protoni na nyutroni huvutana kwa nguvu kubwa inayofika karibu tu. Kupiga hesabu ya kila moja na kila mwenziwe ni kazi isiyokwisha. Kwa hiyo wanafizikia walijaribu njia ya mkato: chukulia kwamba kila chembe inazunguka peke yake ndani ya shimo moja la nishati, lililochimbwa na mvuto wa zote kwa pamoja. Wengi hawakuamini. Kwao kiini kilikuwa kama tone la maji, chembe zimesongamana zikigongana, zingezunguka vipi?

Na shimo lenyewe lilikataa kutoa majibu. Ukilipa umbo la bakuli, unapata 2, 8 na 20 vizuri kabisa, kisha inakuja 40 mahali pa 28 na 50. Ukilipa kuta zilizosimama wima kama za kisima, bado 50 haitokei.

Siku moja mwanafizikia Enrico Fermi alikuwa ofisini kwa Mayer wakijadili jambo hilo, akaitwa kwenye simu. Akiwa anatoka, aliuliza kama kuna dalili yoyote kwamba mzunguko wa chembe unahusiana na mbiringiko wake yenyewe. Mayer alijua papo hapo. Baadaye alimweleza bintiye kwa mfano wa ukumbi wa dansi ya waltz: wachezaji wanauzunguka ukumbi huku kila jozi ikijizungusha, na kujizungusha upande mmoja ni rahisi kuliko upande wa pili. Ndani ya kiini, chembe inayojizungusha upande uleule wa mzunguko wake hushuka chini zaidi shimoni. Ongeza hilo, na nambari zote saba zinajipanga.

Mwaka 1949, Hans Jensen, Otto Haxel na Hans Suess walifikia jibu lilelile huko Ujerumani. Badala ya kugombania sifa, Mayer na Jensen waliandika kitabu pamoja, kikatoka 1955.

Umbo la shimo lenyewe lilikamilishwa na Roger Woods na David Saxon huko Los Angeles mwaka 1954, walipochunguza jinsi protoni zilizorushwa kwenye viini zinavyotawanyika. Si bakuli, si kisima: sakafu yake ni tambarare, kina chake kama elektronivolti milioni 50, na ukingo wake unapanda kwa mteremko laini, kwa sababu kiini hakina ukuta, kinafifia. Wanafizikia wanalitumia hadi leo.

Uprofesa kamili wenye mshahara Mayer aliupata San Diego, mwaka 1960. Miaka mitatu baadaye aligawana Tuzo ya Nobel na Jensen na Wigner, mwanamke wa pili kuipata ya fizikia, miaka 60 baada ya Marie Curie. Gazeti la mjini lilitangaza kwamba mama wa San Diego ameshinda Nobel. Kichwa cha habari hakikutaja jina lake.